Ambulensi Yetu na Kilio cha Matulo

Karakana ya Kiptum,
Nyuma ya soko la mahindi,
Kitale.
12 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Phelista,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya neno lolote nayaulizia magoti yako. Je, unaweza kuinuka asubuhi bila kushika ukuta? Na joto la Voi linakuachia usingizi? Huku ni mvua tu. Nguo hazikauki, na hata karatasi hii ina unyevu. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sijui nikuambie uko vipi.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho jirani yako Fardosa ilibidi arudie kila neno sikioni mwako kwa sauti kubwa, nami nikawasikia watu wa ploti nzima wakinyamaza wapate kusikiliza. Habari hii si ya kupigiwa kelele. Nitaikabidhi kwa basi la Mombasa, na Fardosa ameahidi kuichukua stendi.

Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, ulituma leso na baraka. Lakini bado nikiandika neno hilo narudi kulisoma. Kiptum wangu akitoka kazini na vumbi la chuma kwenye nyusi, mimi nasahau nilichokuwa nikisema. Ananipashia maji ya kuoga kabla sijaomba. Ananiita "Nanyama wa mimi", Kiswahili chake cha kuchomelea vyuma, na sitaki mtu yeyote amsahihishe.

Sasa nikueleze kuhusu gari, maana bila gari hutaelewa yaliyobaki. Kabla ya harusi Kiptum alinunua kwenye mnada ambulensi iliyostaafu ya zahanati moja ya misheni, barabara ya Kapenguria. Watu walimcheka. Yeye aliona nyumba. Alisema tutaigeuza iwe gari la kulala porini, tupande nalo Mlima Elgon, tulale mahali ambapo asubuhi ukifungua mlango ni ukungu na nyani. Baadaye tuwapeleke wageni, iwe ndiyo riziki yetu.

Tumeifanyia kazi pamoja, jioni baada ya jioni. Aliinua springi na kuifunga magurudumu makubwa ya matope. Pale mtungi wa oksijeni ulipokuwa umefungwa sasa umekaa mtungi wa gesi. Droo za bendeji zina vijiko, chumvi na unga. Alikata dirisha ubavuni, mimi nikashona wavu wa mbu na mapazia ya maua. Machela tuliing'oa, na mahali pake Kiptum akatengeneza kitanda cha mbao za saiprasi, kipana cha kututosha wawili. Harufu ya spirit, ile ya kusafishia vidonda, tu ndiyo imekataa kutoka. Nimeweka karafuu na majani ya mkaratusi, lakini mvua ikinyesha inarudi.

Kitu kimoja tulichelewa: rangi. Fundi wa rangi alingoja jua, na jua halikuja. Kwa hiyo siku ya kwenda nyumbani Matulo, safari yetu ya kwanza kama mke na mume, gari lilikuwa bado jeupe, na mstari wake mwekundu ubavuni.

Ulijua baba alikuwa amelazwa Bungoma kwa sababu ya sukari na figo. Siku hiyo hiyo kaka Sifuna alikuwa amekwenda kumchukua, maana daktari alikuwa amemruhusu. Nilitaka baba atukute uwanjani, aone mwanawe amefika na nyumba yake ya magurudumu. Nilikuwa nimefunga kwenye vioo vya pembeni utepe mwekundu uliobaki harusini. Ukungu ulikuwa mzito, Kiptum akawasha taa zote. Njia ya kuingia kwetu unaijua, tope tupu, hivyo tulikwenda polepole, na nyuma yetu pikipiki na trekta la miwa havikupata pa kutupita. Shangazi, fikiria mwenyewe vile tulivyoonekana kwa mtu aliyesimama jikoni kwa mama.

Mama alitoka na mwiko mkononi. Aliona ambulensi, taa, utepe na msafara, vile vile maiti inavyoletwa nyumbani. Alijua Sifuna amekwenda kumchukua baba. Aliketi chini kwenye matope pale pale.

Mama Ivy, jirani yetu, ndiye aliyeanza kumlilia baba kwa jina. "Wepukhulu woi! Umetuachia nani!" Kilio kikaruka ua hadi ua. Mimi nilishuka nikicheka, na gauni langu la maua, mikono nimeifungua, na wanawake wakanikumbatia wakilia, "Pole mtoto, pole." Nikisema hapana, hakuna mtu, wao walidhani nimepagawa kwa uchungu. Vijana wakaanza kutoa viti sebuleni. Mchungaji alifika bila viatu.

Ndipo gari dogo la probox likasimama nyuma ya trekta na baba akashuka, Sifuna amemshika mkono. Alisikia jina lake likiitwa kwa sauti ile. Watu wakamwona, mmoja mmoja, na kilio kikakatika.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Mzee Wangila, yule rika lake mwenye maneno, akasema, "Si ni wewe, bana. Lakini pole, hatukujua kama bado upo."

Wawili watatu walicheka. Baba hakucheka. Alitazama viti vyake nje, akamtazama mama, akatazama gari letu. Kisha akakataa kuingia nyumbani.

Unayajua haya kuliko mimi. Wazee walikaa wakasema mtu aliyeliliwa uwanjani kwake hapiti tena mlango wake kwa miguu yake mwenyewe. Lazima dada yake wa tumbo moja, na huyo ni wewe, amlishe kwa mkono wake, amshike, aingie mbele yake. Mchungaji alisema hayo ni ya zamani, tuombe tu, aingie. Baba akamwambia, "Mchungaji, wewe pia ulikuwa unanililia. Nilikusikia."

Kwa hiyo analala stoo ya mahindi, ambayo msimu huu ni tupu na paa lake linavuja. Kwa Sifuna hawezi, baba halali nyumba ya mwanawe. Miguu yake imevimba, na sasa kuna kikohozi. Mama anampelekea uji, anauweka mlangoni, anarudi nyuma kana kwamba ni yeye aliyemuua.

Usiku ule wa kwanza mvua ilipozidi, Kiptum wangu, ambaye huko kwao hawana mwiko huu au hakuwahi kuusikia, alimwendea baba mbele ya watu wote akamwambia kwa moyo safi, "Mzee, panda ulale ndani ya gari. Kitanda ni imara kabisa. Mimi na Nanyama tumekijaribu."

Shangazi! Mama alijifunika uso kwa leso na kukimbilia migombani. Mzee Wangila alikohoa hadi akatoka machozi. Baba kulala kitanda cha binti yake na mkwe! Nilitaka ardhi inimeze, na bado nilimpenda, kwa sababu yeye peke yake uwanjani pote ndiye aliyefikiri juu ya mzee kulowa.

Kesho yake Kiptum alipanda juu ya stoo akafunika paa kwa turubai letu, lile la kambi. Mama hajamruhusu kuliingiza tena gari langoni. Tangu hapo Kiptum haimbi tena akifanya kazi, kama alivyozoea. Tumerudi Kitale na tumelipaka gari rangi ya kijani sisi wenyewe kati ya mvua na mvua. Imekauka vibaya, na mstari mwekundu unaonekana kwa chini kama kovu. Habari za Mlima Elgon hatuzitaji tena. Tunalala kitanda kile kizuri tukiangalia dari, kila mmoja akijifanya amelala.

Jumapili nilikwenda kumwona baba. Amekuwa mdogo, Shangazi. Fulana yake inamkaa kama imetundikwa kwenye kamba. Daktari amesema arudishwe Bungoma, lakini baba amekataa. Anasema akitoka uwanjani kabla ya kuingia nyumbani kwake, atakuwa ametoka kama mtu asiye na nyumba, na huko hospitalini akifa atakuwa amefia njiani. Hapo ndipo jambo lilipo. Hatibiwi mpaka aingie, na haingii mpaka uje.

Najua uliapa hutapanda basi tena, baada ya safari ile magoti yalipokufunga Nakuru ukabebwa kama gunia. Hatukuombi upande basi. Mimi na Kiptum tutakufuata Voi. Baba hawezi kukigusa kitanda chetu, na mama hawezi hata kukitazama. Lakini ni shangazi anayemtandikia bibi harusi kitanda, kwa hiyo wewe si mwiko kwako, na siku ya harusi magoti yalikunyima haki hiyo. Basi njoo ukitandike sasa, kwa safari hii. Utalala umenyoosha miguu kutoka Voi hadi Matulo, mimi nikikukanda, Kiptum akiendesha kama amebeba mayai. Hii ndiyo itakuwa safari ya kwanza ndefu ya gari letu, na sitaki ya kwanza iwe nyingine.

Tutaondoka Jumatano alfajiri. Ukikataa, mwambie Fardosa anipigie neno moja tu, nami nitajua. Lakini usikatae.

Nilimuuliza baba nikuandikie nini kutoka kwake. Aliangalia mlango wa nyumba yake, ng'ambo ya uwanja, hatua chache tu. Akasema, "Mwambie Phelista nimechoka kuwa mgeni kwangu. Mwambie aje na njaa, tutakula pamoja."

Mama anakusalimu, ingawa anasema ana aibu. Sifuna anakusalimu, na Mzee Wangila, ambaye ameapa kufunga mdomo wake na hatafaulu. Kiptum anakusalimu kwa heshima ya mkwe. Nisalimie Fardosa na watoto wake.

Mungu ayashike magoti yako mpaka tukufikie, na amshike baba pumzi mpaka ufike.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukungoja,
Nanyama