Mtambo Usiomwaga Joto

Omani, Jumapili baada ya zamu

Kaka Elisante,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, shemeji na watoto wazima, na kile kikohozi chako cha msimu wa baridi kiwe kimekuachia. Mimi huku sijambo, ila jua la huku halina adabu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia unaweka spika, na dukani kwako Kaloleni watu hawakosi. Mbebaji ni yule kijana wa Usa River ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Tafadhali usiisome mbele ya Injinia.

Tuanze na huyo huyo Injinia, mpangaji wa Moshono ambaye hata jina la ukoo wake hujanitajia. Picha ulizonitumia nimezipata: mchoro wa mtambo wake wa umeme wa mvuke, na karatasi ya kukubali kumpa kihamba chetu cha juu pale Akheri, shamba lile la migomba ya Baba, ili tuwe wabia wake. Umesema imebaki sahihi yangu tu, maana Mama ameshakubali. Ajabu ni kwamba niliongea na Mama Alhamisi mpaka salio likaisha. Aliniuliza kama huku ndizi zinapatikana, akanisimulia ng'ombe aliyezaa, na la kihamba hakuligusa. Mama ninayemjua mimi hata akimwazima mtu jembe lazima atangaze.

Umeniandikia kwamba mtambo huo haumwagi joto hata kidogo, kwamba mvuke ukishazungusha feni unarudi moja kwa moja kwenye boila, na kwamba siri yote iko kwenye kikoki kidogo kilicho kwenye bomba la kurudi. Kaka, mimi ndiyo kazi yangu hii. Hapa tunachoma gesi, moto wake unazungusha feni ya kwanza. Moshi unaotoka bado ni mkali, kwa hiyo tunauchemshia maji, na mvuke wake unazungusha feni ya pili. Tunabana joto kama Mama anavyobana sukari. Na pamoja na ubahili wote huo, karibu nusu ya joto letu inatupotea, na sehemu kubwa inaishia baharini, kwa sababu maji ya bahari ndiyo yanayoupoza ule mvuke. Wala si uzembe wetu. Chuoni tulifundishwa mtambo wa kwenye karatasi, usiovuja wala kusuguana, ambao hakuna fundi atakayeujenga duniani, na hata huo lazima umwage joto mahali penye ubaridi. Mvuke usipopozwa ukawa maji, kuusukuma urudi kwenye boila kunakula nguvu yote uliyoipata.

Usijifanye hili hulijui. Shangazi alipokuwa anapika gongo kule korongoni, sisi Walutheri wazuri, nani alikuwa anamwagia bomba maji ya mfereji? Si wewe? Maji yakichelewa mvuke ulitoka bure, na shangazi alikurushia kata. Leo mtu mzima unaambiwa bomba halihitaji maji baridi, nawe unaitikia.

Na hapo ndipo niliposhtuka. Kama mtambo hauhitaji maji ya kupozea, kwa nini Injinia hataki shamba letu la bondeni, ambalo barabara imelipitia? Kwa nini ang'ang'anie kihamba chenye mdomo wa mfereji, pale maji yanapoingilia? Anayeshika pale ameshika zamu za maji za nyumba zote za chini.

Basi nikaikuza picha ya mchoro kwenye simu. Nilikuwa natafuta kosa la Injinia, nikakuta la kwangu. Mwaka wa kwanza chuoni, nilichora mzunguko wa mvuke nikasahau sehemu ya kupozea. Mwalimu akapazungushia duara la kalamu nyekundu, akaliinua daftari mbele ya darasa: "Jamani, huyu kamshinda Mungu! Mtambo wake haumwagi joto." Walinicheka wiki nzima. Na pale kwenye bomba la kurudi, kalamu yangu ilidondosha tone la wino. Niliona aibu kuliacha hivyo, nikalichorea mkono wa kufungulia, likawa kikoki. Hakina kazi yoyote. Mchoro wa Injinia una kikoki hicho hicho, mahali pale pale, na duara la mwalimu limefutwa vibaya, bado linaonekana kwa mbali.

Nilijaribu kukutetea. Nikasema labda Mama aliyatoa madaftari yangu ya kuwashia moto, moja likaangukia mikononi mwa mtu. Lakini daftari hilo liko kwenye sanduku langu la bati chini ya kitanda cha Mama, sanduku lina kufuli, na ufunguo ni mmoja. Nilikukabidhi wewe asubuhi ninaondoka. Uliufunga pamoja na funguo za duka ukaniambia, "Nenda mdogo wangu, vyako viko kwangu." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Nimeumia kaka, siwezi kuficha. Sijui kama amekudanganya au mnadanganya pamoja, na sijui lipi ningependa liwe kweli.

Sahihi sitii. Baba amelala kwenye kihamba kile, na migomba aliyoipanda inakunywa maji yale. Mbebaji ana barua ya pili, ya kumpa Mama, yenye haya yote. Nimemwambia asimpe mpaka Jumapili ya kwanza akishafika, baada ya ibada. Kabla ya hapo una nafasi ya kumwambia kwa mdomo wako mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mpe pole ya kukuvumilia. Wasalimie mabinti zako wawili, zawadi zao ziko kwa mbebaji. Shangazi mwambie bomba lake lilikuwa na elimu kuliko la Injinia. Mjomba mwambie goti lake namwombea. Mama usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe.

Humu ndani nimeweka mchoro mpya, wenye sehemu ya kupozea, na kikoki sikukichora. Mpe Injinia. Na ufunguo wangu mpe Mama.

Bado mdogo wako,
Anaeli