Nzi Wako Wanarudi Nyumbani, Mama

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipoweka sindano chini ukatuacha. Tulidhani maneno haya tungeyaandika kwa machozi matupu. Machozi yapo, hatukatai. Lakini hata baada ya kuondoka umetuchekesha, na wewe hukupenda kuhurumiwa, kwa hiyo tukaona heri tukusimulie mwaka ulivyokwenda.

Nimeshika kalamu mimi, kifungua mimba wako. Wadogo zangu wamenizunguka mezani wananisahihisha kabla sijakosea. "Usisahau koti," anasema kitinda mimba. Tutalifikia koti.

Asiyekujua na ajue kwamba ulikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa karakana yako: cherehani dirishani, na pembeni yake jiriwa ndogo ya kushikia ndoano, uliyoibana kwenye ukingo wa meza. Mchana ulishona magauni ya maharusi. Jioni mabaki ya nyuzi, pamoja na manyoya ya kuku wa jirani, yalihamia kwenye jiriwa. Uliyafunga juu ya ndoano ndogo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukapata mdudu ambaye samaki akimwona juu ya maji anamdhania chakula. Wavuvi wenzako humwita nzi. Nzi wako wote uliwamalizia kwa uzi mwekundu shingoni, na aliyemwona mmoja wao mtoni hakuhitaji kuuliza ni wa nani.

Sasa koti. Bwana mmoja alirudi kwako amenuna, akasema koti lake jipya lina mdudu kwenye kola. Ulivaa miwani, ukainama, ukamchomoa.

"Afadhali umemleta," ukamwambia. "Namtafuta tangu juzi."

Jumamosi iliyofuata yule bwana alikuwa mtoni, amevaa gambuti za kuazima. Ni daktari wa meno, na mpaka leo hajatoka majini. Dereva wa lori naye ulimkuta amesimama darajani anakutazama, ukamwambia kutazama hakushibishi, ashuke. Ndivyo ulivyowakusanya, mmoja kwa koti, mwingine kwa maneno.

Uliwafundisha kwa maneno matatu: vuta, ngoja, tupa. Mshipi wa kuvulia upige nyuma, uungoje unyooke hewani, ndipo uutupe mbele uteremke juu ya maji taratibu. Neno la katikati ndilo liliwashinda wengi. "Mnakimbilia wapi?" uliwauliza. "Samaki hajaalikwa kwingine." Na mgeni alipofunga nzi wake wa kwanza, kibonge amevimba kama kimto cha pini, hukumcheka. Ulisema samaki haendi harusini, haangalii mshono. Kisha ulimchukua nzi huyo huyo, ukaenda ukavua naye mbele ya macho ya aliyemfunga.

Samaki ukimpata, ulilowesha mikono kwanza, ukamtoa ndoano, ukamshika majini mpaka akapata pumzi, ukamwachia aende zake. Hilo Baba lilimshinda. Yeye ni mwoka mikate, na kila Jumamosi alikusindikiza, chupa ya chai mkono mmoja na mikate mkono mwingine, lakini fimbo ya kuvulia hakuigusa.

"Mimi nikioka mkate, siurudishi kuwa unga," aliwaambia wenzako. "Nyie ni watu wa namna gani?"

Kwa kuwa walikuita dada, yeye akawa shemeji, na shemeji akapewa kazi. Nyuma ya pale mlipokuwa mkisimama kuvua kuna mti ulioinamia maji, na kila mshipi uliopigwa nyuma bila kuangaliwa umeacha nzi matawini. Mliuita Mtoza Ushuru, kwani hakuna aliyepita pale asiachie kitu. Baba aliketi juu ya jiwe lake, gazeti mkononi, na alipoona mshipi unaelekea kubaya alipaza sauti: "Nyuma!" Aliyekaripiwa kuliko wote ulikuwa wewe. Ulicheka huku unavuta, mshipi ukakatika, nzi akabaki juu.

Ulipoondoka, Baba aliacha kwenda mtoni. Hata njia ya kwenda kwenye tanuri lake aliibadilisha asilione daraja. Chumba chako alikifunga, ufunguo akautia mfukoni. Aliendelea kuoka, kusalimu watu, kula kile tulichomwekea, lakini kucheka hakucheka tena. Tuliogopa sana, Mama. Tulikuwa tumekuzika wewe, na tukaona naye anatutoka huku tunamwangalia.

Waliotuokoa ni wenzako. Wana ada yao kwamba nzi aliyeokotwa mtini hurudishwa kwa mwenyewe. Dereva wa lori alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Alisimama mlangoni, kofia kwapani, kiganja wazi, na katikati ya kiganja shingo nyekundu.

"Shemeji, nimempata kwa Mtoza Ushuru. Ni wa dada. Ada ni ada."

Baba hakumkaribisha ndani, ila alimpokea nzi. Baada ya siku kadhaa akaja daktari wa meno na wa kwake, kisha dereva tena na mwingine. Hapo Baba akauliza swali.

"Huyu alikuwa tawi gani?"

"La kulia, karibu na jiwe lako."

"Nakumbuka. Ile siku ya mvua. Nilimwambia aangalie nyuma, akasema niendelee na gazeti langu."

Siku hiyo dereva aliingia ndani, na chai ikamiminwa. Wakaja wengine. Kila aliyeleta nzi aliondoka na mkate, na kila nzi alikuwa na habari zake ambazo Baba alizijua kuliko aliyemleta. Ikabidi nzi hao wapatiwe mahali pa kukaa. Asubuhi moja tukaukuta mlango wa chumba chako wazi, dirisha wazi, nzi wako wamechomekwa kwa mpangilio kwenye kimto chako cha pini. Cherehani ilikuwa imefutwa vumbi, na aliyeifuta si sisi.

Jumamosi iliyopita, ulipotimia mwaka tangu utuache, tulitaka kumbembeleza Baba twende mtoni. Tulimkuta sebuleni ameshavaa gambuti zako. Zilikuwa zinambana, akasema hazimbani.

Wenzako walikuwa wamesimama majini wanatusubiri. Baba akaingia majini, na daktari wa meno akampa fimbo yako, nzi wako mmoja akiwa ameshafungwa.

"Miaka yote nawapigia kelele," Baba akawaambia. "Leo mtaona inavyofanywa."

Akavuta. Akangoja, Mama, akangoja vizuri kabisa, nasi tukajua kwamba maneno yako matatu alikuwa akiyasikia nyuma ya gazeti lile. Alichosahau ni kuangalia nyuma. Nzi akaenda moja kwa moja kwa Mtoza Ushuru.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulimtazama Baba, Baba akaitazama fimbo. Kisha kitinda mimba wako, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe la Baba, akasema kwa upole:

"Nyuma."

Baba aligeuka, akauona mti, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa majini, gambuti zako zikajaa pomoni. Waliokwenda kumnyanyua nao hawakujiweza. Sisi ukingoni tulicheka na kulia kwa pamoja, na hatukuona haya.

Dereva alishusha ngazi kutoka kwenye lori amtoe yule nzi. Baba akamzuia. Juu kabisa, mahali ambapo ngazi haifiki, kuna mmoja wako amebaki. Jua likipiga, wekundu wake unaonekana. Huyu aliyerushwa na Baba amenasa kwenye kitawi cha chini yake.

"Waacheni," Baba akasema. "Wakae pamoja." Akakamua soksi zake, akatazama maji, akaongeza, "Haya, nifungieni mwingine."

Jumamosi ijayo tunarudi. Baba ametutangazia kwamba tutafute mtu mwingine wa kubeba chai.

Unakumbukwa na mumeo, mwoka mikate, ambaye kwa sasa ana mafua na hajuti. Na sisi wanao watatu. Na wakwe zako. Na wajukuu zako, ambao kuku wa jirani wakiwaona wanakimbia. Na dada yako mkubwa, anayetaka ijulikane kwamba kushona alikufundisha yeye. Pamoja na wavuvi wote wa Jumamosi waliokuita dada.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Mama.