Kikombe Kilichobaki Ndani ya Difu

Jumatatu, 11 Februari 2013

Mvua tena. Chai bila sukari. Sukari iko dukani na duka liko ng'ambo ya tope.

Pikipiki yangu ya matairi manne bado iko juu ya mawe nje ya jiko, gurudumu la mbele la kushoto limevuliwa. Inafanana na mimi. Watoto wa jirani walilisema hilo kabla yangu, tena kwa sauti.

Shafti ya upande huo ilianza kulia ka-ka-ka tangu Krismasi. Wiki iliyopita ikagoma kabisa. Shemeji Chanda, kaka wa mke wangu, yule wa Nakonde, ameleta nyingine mpya, imeviringishwa kwenye gunia la mbolea. Imebaki kazi moja: kutoa ya zamani. Imeng'ang'ania kwenye difu, lile bonge la chuma la katikati linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele. Fundi Siame wa Tunduma ndiye anayehangaika nayo. Hajawahi kuona difu ya mbele kwenye pikipiki. Hilo halikumzuia kuifungua.

Jumamosi kamati ya ardhi inapima mashamba ya bondeni. Utaratibu wa hapa: mwenye shamba anasimama mpakani, anasema "hapa", wanapigilia kigingi. Alipokanyaga ndipo shamba lake linapoishia. Asiyefika, jirani anaonyesha kwa niaba yake.

Jirani yangu kule bondeni ni mdogo wangu Yohana. Kila msimu matuta yake yanazaa matuta upande wangu. Sijaona mahindi yanayotembea vizuri namna ile.

Miguu yangu ilikataa kazi nikiwa mtoto. Lazima pikipiki ipone.

Jumanne, 12 Februari

Fundi amefika na kofia mpya. "Awe, hapana wasiwasi, mzee, hii inatoka leo leo."

Amevuta kwa mikono. Amevuta huku amekanyaga fremu. Amemwita Yohana, wakavuta wawili, wakaanguka wawili. Shafti inacheza kidogo, inakuja kama inakubali, halafu inarudi. Kama mzee wa kanisa anayeombwa mchango.

Niliuliza kama haiwezi kwenda hivyo hivyo, na magurudumu matatu.

"Mzee, na wewe!" alisema Fundi, akacheka mpaka akaketi.

Nimekaa kwenye kiti changu barazani siku nzima nikishauri. Hakuna anayechosha kama mshauri aliyeketi. Najua. Nimeendelea.

Yohana alifanya kazi kwa bidii mno. Alipakwa oili mpaka kwenye nyusi. Nimemtazama sana. Mtu anayekula shamba lako mbona anakutengenezea chombo cha kukupeleka huko?

Jumatano, 13 Februari

Siku ya ujinga. Niiandike yote ikiwa bado mbichi.

Asubuhi Yohana alikuja na maksai wake wawili, Waziri na Meneja, wakiwa na nira na mnyororo. Akasema hawa wameng'oa visiki vya miombo kule Itaka, watashindwa na kijiti cha chuma? Wanaume wote waliokuwapo wakaitikia. Hapa kwetu kitu kikikwama tunaongeza ng'ombe. Ndivyo tulivyolima, ndivyo tulivyovuta mawe ya msingi wa kanisa, ndivyo lori la mahindi lilivyotoka mtoni. Fundi alikuna kichwa lakini hakutaka kuonekana anaogopa ng'ombe. Wakaniuliza mimi.

Nikasema vuteni.

Pikipiki ilifungwa kwenye mparachichi. Mnyororo ukazungushwa kwenye shafti. Yohana akapiga mluzi. Waziri na Meneja wakainamisha shingo, wakaenda polepole, kama wanaokwenda ofisini. Mti ukatikisika. Kisha *pwa!* Shafti ikatoka.

Vigelegele. Mke wangu aliimba. Kuku alikuwa ameshakamatwa. Nilipiga makofi, nakiri. Machozi yalinilengalenga.

Halafu Fundi akachutama, akaangalia difu, akaingiza kidole ndani. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuacha kuimba.

Kumbe shafti haikutoka kwenye difu. Imechomoka kwenye kiungo chake. Kile kikombe cha chuma cha mwisho kimebaki ndani, kimezama vizuri kuliko jana, kinatutazama mdomo wazi. Gololi zilizokuwa ndani yake zimetawanyika kwenye tope na grisi. Sasa hakuna hata pa kushika.

Kuku tulimla. Alikuwa ameshachinjwa.

Alhamisi, 14 Februari

Fundi kaweka mtaimbo nyuma ya kikombe, akapiga nyundo. Kikombe kinazunguka. Ukikipiga kinazunguka, ukikibana kinazunguka, ukikiacha kinatulia.

Nimempigia Shemeji Chanda. Amewauliza mafundi wa kwao, akanirudia. Anasema kwenye ncha ya shafti kuna pete ndogo ya chuma. Inatanuka ndani, inashika kama ndoano. Ukivuta taratibu, inazidi kushika. Inataka mshtuko mmoja, mfupi, hapo hapo kwenye kikombe, basi inajikunja na kuachia.

"Mmevuta na nini, mulamu, shemeji yangu?"

Nikamwambia simu inakata.

Fundi amerudi Tunduma kutafuta cha kushikia kikombe. Hajasema atarudi lini.

Ijumaa, 15 Februari

Sijalala vizuri.

Je, Yohana alijua? Maksai wake, wazo lake, mluzi wake. Lakini mimi ndiye niliyesema vuteni. Na alikuwa amekaa kwenye tope jana jioni akiokota gololi moja moja, anazifuta kwa shati lake, ananiletea kwenye kopo. Gololi zisizofaa kitu. Mtu mwenye hila angefanya hivyo? Mwenye hila nyingi angefanya hivyo hasa.

Ningejua moja, hata baya, ningepumzika.

Mkokoteni hauvuki bonde, unazama mpaka ekseli. Mwenye bodaboda kaja, kaona maji, kanipa pole, kageuza. Nimemtuma mke wangu kwa mwenyekiti wa kamati aombe wasogeze siku. Jibu: mashamba ni mengi, mvua ni nyingi, asiyeweza awakilishwe na ndugu.

Ndugu ninaye. Ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi, 16 Februari

Fundi hakutokea. Niliketi barazani nimevaa koti la kanisani, sina pa kwenda nalo.

Yohana akaja, suruali imekunjwa magotini. Akageuka, akachutama mbele ya kiti changu.

"Kaka, panda."

Mara ya mwisho kunibeba alikuwa darasa la tano na mimi la sita, wakati wa masika. Mke wangu akanipandisha bila kututazama usoni.

Maji yalimfika mapajani. Alikuwa anahema kama mashine ya kusaga. Ni vigumu kumchukia mtu uliyemkumbatia shingo. Nilijaribu.

Kamati ilikuwa chini ya miavuli. Mwenyekiti akasema, "Haya Mzee Simbeye, simama mpakani kwako." Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Yohana akasimama pale matuta yake yanapoishia. Matuta yake yote, pamoja na yale yaliyotembea. Mpaka wa kweli ni mti mmoja wa mnyaa alioupanda baba, na niliuona mbele, kichwa chake juu ya mahindi. Yohana huwa anasema mnyaa hujiotea popote.

Nikasema, "Rudi upande wako."

Akavuka tuta. Akasimama.

"Endelea."

Akavuka jingine. Mahindi yake mwenyewe yakawa yanatupiga usoni. Nikasema tena, akaenda tena. Mguu ukazama, goti likapiga chini. Nilidhani ameniachia. Hakuniachia. Alinibana mapaja mpaka yakauma, akainuka kwa kuzunguka kama ng'ombe anayeamka.

Mnyaa ulikuwa karibu. Si karibu sana. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka chini ya kifua changu.

"Kaka, sema," alinong'ona.

Sikujua kama ananiomba au ananitisha. Sijui hata sasa. Ninachojua ni kwamba miguu ilikuwa yake.

Nikasema, "Hapa."

Wakapigilia kigingi. Nimepata matuta kadhaa, nimeacha kadhaa. Yaliyobaki kati ya kigingi na mnyaa ni ya Yohana kihalali, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Alinirudisha njia ile ile. Mke wangu akampa maji, akanywa amesimama. Nikamwambia asante. Ilikuwa ya kweli. Nilikuwa na hasira pia, na aibu, na sikuweza kuzitenganisha.

Jumanne, 19 Februari

Fundi Siame karudi. Mchomeleaji mmoja wa Tunduma kamtengenezea nondo yenye ndoano, na chuma kizito kinachoteleza juu yake. Akaingiza ndoano nyuma ya kikombe. Akakirudisha kile chuma kwa nguvu mpaka mwisho wa nondo, *ka!* Mara ya pili kikombe kikamwangukia mapajani, na oili kidogo.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kidole kinachoteguka.

Shafti mpya imeingia bila ugomvi. Gurudumu limerudi, mawe yameondolewa. Walinipandisha, nikaiwasha. Inanguruma sawasawa, hailii. Watoto walishangilia. Fundi alivua kofia, akaniuliza naanza kwenda wapi.

Nikatazama upande wa bondeni. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri, ya kwangu na ya kwake, na kwa mbali hivi hayana tofauti.

Nikamwambia leo siendi popote. Nikaizima, nikabaki nimekaa juu yake.