Juu ya Paa la Bibi Yako

Baba Eliya wangu,

Hujambo huko Maisaka? Mimi na mtoto wazima, ila kijijini kwenu nimeingia kwa aibu. Nilisimama kwenye nyasi nikitazama ule mchanga wa mtoni, kumbe niko juu ya paa la bibi yako! Mbona hukuniambia kuwa nyumba za zamani zimechimbwa mlimani? Bibi akatoka chini na vumbi kichwani, akacheka, akanipa maziwa mgando. Nikamsimulia ulivyoniambia kwamba utotoni ulikuwa ukiogelea mpaka ng'ambo ya mto.

"Nani, huyo? Alikuwa anakaa mchangani, analinda nguo za wenzake."

Tumekukumbuka sana, mume wangu. Eliya ameshajua kuogelea. Njoo Jumamosi, nguo zake hazina mlinzi.

Mama Eliya