Nusu ya Mgongo

Jumatatu, 6 Februari
Mazoezi yamepunguzwa tena. Tumeogelea kidogo tu, tukaambiwa twende zetu. Kila mwaka ni hivi kabla ya mashindano ya kanda — mwili unapumzishwa ili siku yenyewe ulipuke. Na kila mwaka nakuwa kichaa. Nimepanga soksi, nimezipangua. Nimefungua friji, nimeifunga, nimeifungua.

Miguu imeota manyoya kama mbuzi. Tangu Oktoba timu nzima hainyoi. Nywele zinavuta maji; ukizitoa mwishoni unateleza kama sabuni. Jumapili tunanyoana. Delaney ananinyoa mgongo, mimi namnyoa wake, kama tulivyofanya tangu mwaka wa kwanza. Huu ndio wa nne, na wa mwisho.

Wanasema ripoti ya uchunguzi wa kocha itatoka wiki hii. Nimekula mkate mzima na siagi, kisha nikageuka kuangalia kama Kocha Brandvold yuko nyuma yangu. Mtu kasimamishwa kazi tangu Desemba!

Jumanne, 7 Februari
Jumanne ilikuwa siku ya mizani. Ukizidi uzito unavaa kofia nyekundu bwawani wiki nzima, na safarini huli kitu mbele ya Brandvold. Tess Okerlund aliivaa karibu muhula mzima. Akazimia bafuni, akapasuka kichwa, akaacha chuo. Mama yake alikwenda kwa Bwana Hatcher, mkurugenzi wa michezo. Akapewa kahawa. Akaenda tena. Kahawa tena.

Wakili mchunguzi alipokuja Desemba, mimi nilimweleza yote hayo. Na ile ya theluji pia. Aliahidi jina langu halitatoka. Kwenye timu hakuna anayejua, na Delaney ndiye nisiyetaka ajue kabisa. Vyuo vyote vilimkataa, Brandvold akamchukua. Mpaka leo anamwita "mzee wangu". Hataki kusikia lolote.

Alhamisi, 9 Februari
Imetoka. Tuliitwa ukumbini mchana. Hatcher kavaa tai ya rangi ya chuo, anasoma. Brandvold amestaafu — eti amestaafu! Bwawa litaendelea kuitwa kwa jina lake kwa sasa. Chuo kinasikitika sana. Halafu, bila hata kuinua macho: ili kuonyesha kwamba tumelichukulia jambo hili kwa uzito, timu ya wanawake imejiondoa kwenye mashindano ya kanda mwaka huu.

Imejiondoa? Nani kajiondoa? Tuliovishwa kofia ndio tumefungiwa, na aliyemnywesha kahawa mama Tess ndiye anayesoma adhabu.

Delaney ndiye aliyesimama. "Na wewe, Bwana Hatcher, adhabu yako ni ipi?"

Hatcher akakusanya karatasi zake, akasema anaelewa uchungu wetu. Mimi nilibaki nimekaa. Najichukia.

Theluji imo kwenye ripoti. Bila jina, lakini imo: mwogeleaji alishushwa kwenye basi Novemba kwa sababu ya kipande cha mkate, akatembea kwenye theluji mpaka kituo cha mafuta, basi likimfuata polepole. Delaney aliisoma kwenye simu pembeni yangu. Kisha akaisoma tena.

Ijumaa, 10 Februari
Chumba cha kubadilishia nguo kimegeuka mahakama. Nani kasema? Wa mwaka wa kwanza wanadhani Tess. Delaney kawaambia Tess alishaondoka zamani, huyu ni mtu wa humu humu. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nimempigia baba. Alikuwa anapasua kuni za sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke. Alinisikiliza, akasema, "Wewe ulisema kweli, mwanangu. Kuwafungia ninyi wameamua wao." Najua.

Jumamosi, 11 Februari
Tess ametuma ujumbe kwa timu yote. Pole kwa mashindano, na asante kwa yeyote yule. Basi. Nilikuwa dukani, nimeshika wembe mpya. Nimelia mbele ya rafu ya shampuu.

Jumapili, 12 Februari
Nilidhani hatakuja mtu. Wamekuja wote! Nyembe, ndoo, muziki, tunajinyoa kwa mashindano ambayo hatuendi. Mmoja kasema harudi kwao na manyoya aliyomfugia Brandvold. Tumecheka mpaka tukashikana. Mwingine kaokota kofia nyekundu kabatini, tukaijaza nywele, tukaitupa.

Delaney hakucheka. Kanikalisha kwenye benchi, kanipaka povu. Baridi! Wembe ukashuka upande wa kushoto, taratibu, vizuri kama siku zote. Ukafika kwenye uti wa mgongo, ukasimama.

"Kirsi," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile kwenye basi wote walikuwa wamelala. Uliyekuwa macho ni wewe tu."

Nikasema nabanwa na mkojo.

Kwa hiyo naandika haya chooni, daftari gotini, upande mmoja umenyolewa, mwingine povu linanikauka. Nimekaa naye miaka minne chumba kimoja. Nilimwona kupitia kioo cha basi akitembea kwenye theluji, na hajui nilimwona vizuri kiasi gani. Au anajua.

Amekuja. Naona ndala zake chini ya mlango. Hagongi.

"Wembe ninao bado," anasema. "Toka nikumalizie." Kisha, taratibu: "Uliwaambia kwamba nililia?"

Sikuwaambia. Kila kitu nilikisema, hicho nilimwekea. Lakini nikijibu hapana, nimeshakiri yote.

Ndala hazijaondoka. Nimeshika komeo.