Sanduku Zuri, Bwana

Shemeji,

Huku hatujambo. Dada anakusalimu. Mwanao wa mwisho kang'oka jino la mbele, akicheka utadhani babu. Mimi nimepata kazi hotelini, mapokezi. Hilo hukulijua; nililiona usoni mwako.

Meneja katufundisha kumpa kila mgeni sifa moja ya heshima kwa Kifaransa: usifie alichovaa au alichobeba, usiguse maumbile. Jana mchana akaingia mama mmoja mcheshi. Nikamwambia, "Quel joli foulard, madame." Akaushika mtandio wake, akatabasamu.

"Kaniletea mume wangu. Huyo anakuja na mizigo."

Ukaingia wewe. Wewe, shemeji!

Lakini mdomo ulishazoea kazi, ukasema wenyewe: "Quelle belle valise, monsieur." Sanduku lile lile ambalo dada alilishona mshikio kwa uzi mwekundu, ulipoaga kwamba unakwenda mgodini! Ukanitazama machoni, ukajibu, "Merci, mademoiselle," ukachukua ufunguo, ukapanda ngazi. Mademoiselle, yaani bibie, kama mtu asiyenijua! Mimi niliyewabeba wanao mgongoni!



Dada sijamwambia. Asubuhi hii kaniomba nimfundishe sifa moja ya Kifaransa, akupokee nayo mlangoni ukirudi.

Nimfundishe ipi, shemeji?

Ni mimi, mdogo wa mkeo. Unanijua.