Kocha Alisema Filimbi Zitachoka

Mpendwa Bi Verlene,

Naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri gazetini kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo nitakuwa nimeshafanya jambo la kujutia. Mimi ni mchezaji wa mpira wa kikapu katika chuo kimoja kidogo huku kusini mwa Indiana, niko mwaka wa mwisho, na tangu nifike hapa kazi yangu ni moja tu, kumkaba yule mfungaji hatari wa timu pinzani, sifungi sana, sipigwi picha, lakini nikikukaba umekabika. Kocha wetu alinifundisha kumwekea mtu mkono kiunoni, kiganja kinajua anakotaka kwenda kabla hata miguu yake haijajua, na kwa miaka mitatu marefa walituacha na watu wakanipigia makofi.

Msimu huu sheria zimekazwa. Ukimgusa mwenye mpira ukauacha mkono pale, faulo, ukimwekea mikono miwili, faulo, ukimzuia kwa mkono uliokunjwa, faulo, na ukifikisha ya tano unakwenda kukaa. Marefa walikuja Oktoba wakatuonyesha kwa video, wakasema safari hii hawatanii, na walipotoka tu mlangoni kocha akacheka, akatuambia, "Nguvu ya soda hiyo, wanangu. Kila mwaka wanaanza na moto, ikifika Januari filimbi zimechoka. Msibadilishe kitu." Na kweli Bi Verlene, miaka ya nyuma ilikuwa hivyo, kila mtu katika mchezo huu anajua, nami nikamwamini.

Emmett, mdogo wetu wa mwaka wa pili, hakumwamini. Alikuwa akibaki baada ya mazoezi, ameshika taulo kwa mikono miwili nyuma ya shingo, anamkaba mtu kwa miguu tu, nami nikamtania, "We Emmett, taulo hilo unampelekea nani, mkweo?" Timu nzima ikacheka.

Januari ikaja, filimbi hazikuchoka. Sasa ni Februari na bado zinalia, hata mapumziko hayajafika nina faulo tatu, kipindi cha pili hakijachangamka nimemaliza tano, na anayeingia badala yangu ni Emmett. Mashabiki wetu wenyewe wananihesabia kwa sauti. Mchezo wenyewe umekuwa foleni ya watu kupiga mitupo ya adhabu. Nililelewa nikiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi la mkuu nimelisikia na guu limevunjika vilevile.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Jumatatu kocha alikuwa kwenye kipindi chake cha redio, kinachorushwa kutoka mgahawa wa piza mbele ya mashabiki, shabiki akauliza kwa nini siku hizi nashinda benchi, naye akajibu, "Yule kijana ana kichwa kigumu. Tangu Oktoba namwambia aondoe mikono, hasikii." Mama yangu husikiliza kipindi hicho kila wiki jikoni kwake. Hakijaisha, simu yangu ikalia. "Mwanangu, kwa nini humsikii kocha wako? Ndivyo nilivyokulea?" Nilimwambia, "Samahani, mama," nikakata.

Jumamosi ni mechi yetu ya mwisho nyumbani, na desturi unaijua, sisi tunaomaliza chuo tunaitwa mmoja mmoja na wazazi wetu, kocha anampa mama maua na kumkumbatia katikati ya uwanja, watu wanatoa leso. Nafikiria nisitokee kabisa, au nitokee nimnyang'anye mtangazaji kipaza sauti niwaambie wote tulichoambiwa Oktoba. Nifanye lipi? Moyo wangu umechacha.

Aliyekaa Benchi

Aliyekaa Benchi,

Umeficha jina kana kwamba kuna mtu mjini hapa asiyejua ni nani anayetolewa kwa faulo tano kila wiki. Haya, tuendelee kujifanya hatujui.

Barua yako imenikasirisha, na hasira yangu kubwa ni kwa kocha wako. Mtu mzima akibahatisha akakosea, aseme nimekosea. Kumtupia lawama kijana aliyemtii, tena redioni huku anatafuna piza, ni uoga, na sina neno laini la hilo. Najua yeye husoma safu hii. Asome mara mbili.

Sasa zamu yako. Acha kuwalilia marefa. Nimekalia viti vya mbao vya uwanja wenu majira mengi ya baridi, nikaona vijana wepesi wakishikwa viuno kama mbuzi wa mnadani huku tukishangilia, eti huo ndio ulinzi. Kushika kulikatazwa tangu zamani, ila sasa katazo linafuatwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Novemba nzima uliwaona wakabaji wa vyuo vingine wakienda kukaa, ukangoja Januari. Emmett ana kocha huyohuyo na aliambiwa maneno hayohayo. Ulimcheka kwa sababu kumcheka kulikuwa rahisi kuliko kuchukua taulo lako.

Kipaza sauti usikiguse. Ukikigusa, utaharibu sherehe ya wenzako, na kocha atapata ushahidi wa kile kichwa kigumu alichokitangaza. Usipotokea, umemsaidia zaidi. Nenda kwa Emmett, muombe radhi, kisha muombe akufundishe. Siku hizi chache hazitakubadilisha sana, lakini cheza dakika zako za Jumamosi mikono ikiwa juu. Halafu ingia ofisini kwa kocha, funga mlango, mwambie: "Ulituambia tusibadilishe kitu, nikakutii. Redioni ulisema uongo." Usisimame kungoja msamaha. Watu wa aina yake hawaombi radhi katikati ya msimu, na wengine hawaombi kabisa.

Ila kabla ya yote hayo, mpigie mama yako. Unataka kuutangazia uwanja mzima jambo ambalo hujamwambia yeye! Mweleze yote, na kicheko chako kwa Emmett usikiruke. Usimwache aje kupokea maua na kumshukuru mtu kwa kumvumilia mwanawe mkaidi. Akishajua, atayapokea maua hayo au atamwacha kocha ameyashika mbele ya watu. Uamuzi huo ni wake, wewe simama kando yake tu.

Verlene